Namba za Kona

2 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi, na baada ya salamu, pole. Nimesikia redioni asubuhi kwamba mbio zote za magari zimesimamishwa mpaka gonjwa hili litulie. Raundi mbili tu kati ya sita, na sisi ndio tunaoongoza ubingwa. Nilizima redio, nikabaki nimekaa kwenye cherehani na mkasi mkononi, nisijue nilikuwa nataka kukata nini.

Nakuandikia kwa sababu simu yako inaita mpaka inachoka. Labda huko kambini mtandao mbaya. Halafu barua ina faida yake: simu unaweza kuikata mtu yuko katikati ya neno, barua utaisoma mpaka mwisho, labda uichane. Dereva wa lori la matairi anapita hapa kila Jumanne akija huko kwenu. Malori ndiyo yanayoruhusiwa njiani siku hizi. Aliniambia, "Mama Daftari, wewe andika tu uweke dirishani, nitachukua. Bahasha haina kikohozi."

Mimi mzima. Nashona barakoa za hospitali, mia kwa siku, mpaka vidole vinasahau kunyooka. Kofia yangu ya mbio iko juu ya kabati, naipangusa vumbi kila Jumamosi ili isijione imetelekezwa.

Usikate tamaa. Mungu hakutufikisha hapa ili atuache njiani. Miaka kumi na moja nimekaa pembeni yako nikikusomea kona kutoka daftarini, tangu shemeji yako alipokata roho kwenye kiti hicho hicho, wewe ukiwa kwenye usukani. Siku ya mazishi nilisema hakuna mtu mwingine atakayekufa pembeni ya mdogo wangu, nikaingia mimi. Watu walicheka. Mshona nguo, mjane, darasa la saba, ataweza wapi? Leo wanachokijua zaidi ni taa za nyuma za gari letu.

Kula vizuri. Sali.

Dada yako


21 Aprili

Dada, shikamoo.

Barua nimepata. Mtandao ni mbaya kweli.

Huku tumefungiwa kama kuku wa mayai. Tunapimwa joto asubuhi na jioni, mafundi wanalala upande wao na madereva upande wao. Gari limefunguliwa lote, liko mezani kama mgonjwa wa upasuaji. Tajiri anasema timu yake isipochukua ubingwa mwaka huu anauza kila kitu, mpaka spana, aingie kwenye biashara ya vitakasa mikono. Sisi tunacheka. Yeye hacheki.

Usihangaike na mambo ya huku. Pumzika. Kwa umri wako si wakati wa kuzurura.

Mdogo wako,
Kishada


16 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Lakini hilo la umri limenikaa kooni. Nina miaka arobaini na saba, si mia. Wewe una thelathini na sita na magoti yako yanalia kuliko yangu.

Nimesikia kwamba raundi zilizobaki zimefutwa, imebaki moja tu, ya tarehe 17 Oktoba, na hiyo ndiyo itakayoamua bingwa. Nimefurahi mpaka nimeunguza chakula. Sasa kila asubuhi navaa kofia, nakaa kwenye kiti cha jikoni, nasoma daftari la mwaka jana kwa sauti huku saa iko mbele yangu. Jana jirani alichungulia dirishani, akaniuliza, "Bibi wee, unagombana na nani humo ndani?" Nikamwambia nagombana na kona. Akaondoka anatikisa kichwa. Nadhani amekwenda kuniombea.

Nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Ugonjwa siuogopi kama ninavyoogopa kukaa. Tangu shemeji yako atutoke, mahali pekee ambapo sisikii nyumba yangu ilivyo kimya ni ndani ya gari lile, na wewe ukinipigia kelele "Nini kinafuata?" Mtu akinitoa pale, atakuwa amenizika bila jeneza.

Kwa hiyo niambie: nije kambini lini? Nipe tarehe tu, nauli yangu ninayo.

Dada yako


30 Juni

Dada, shikamoo.

Kaa kwanza ndipo usome. Waandaaji wametoa sheria. Mwaka huu, kwa ajili ya ugonjwa, mtu aliyepita miaka arobaini na mitano haruhusiwi ndani ya gari wala kambini. Nimebishana nao mpaka sauti imekauka. Sheria ni sheria. Tajiri amemleta mpwa wake, binti wa chuo, tunamwita Kompyuta kwa jinsi anavyopiga hesabu kichwani. Atakaa kwa muda. Kwa muda, dada. Mwakani kiti ni chako.

Jambo la pili. Safari hii hakuna kukagua njia kabla ya mbio. Watu wanaoishi njiani hawataki kuona mgeni. Kila timu itatumia daftari la mwaka jana, na la kwetu unalo wewe, tena mwandiko wako mnausoma wewe na malaika. Nakuomba ulinakili upya, herufi kubwa, kila kona na namba yake, ulitume kwa lori.

Ubingwa huu ni wetu sote.

Kishada


14 Julai

Mdogo wangu,

Nisikudanganye, nililia. Nililia siku moja nzima, barakoa zikalala. Halafu nikajiambia, waandaaji nao wana wazazi wao, wanaogopa kama sisi. Nimewaombea mmoja mmoja, hata wale nisiowajua kwa sura.

Daftari hili hapa. Kona mia nne na kumi na mbili, siku tisa za kunakili, na hakuna niliyoruka. Namba ni zilezile ulizozitamka wewe tulipokagua njia mwaka jana, nami nikaandika: moja ni ile ya kurudi ulikotoka, gari karibu lisimame, sita ni ile unayopita bila kuondoa mguu kwenye mafuta. Binti ni msomi, ataelewa. Lakini kuna mambo ambayo chuo hakimfundishi mtu. Mwambie akusomee kona mbili mbele, asisubiri uione. Ukikohoa, maana yake hukusikia, arudie. Ukianza kupiga mluzi, ujue umekasirika, apunguze sauti asipunguze mwendo wa kusoma. Na kabla ya kuwasha injini akupe muda wa sala, hata kama wewe unajifanya unafunga mkanda.

Nimemshonea barakoa yenye maua pembeni. Mwambie ni ya kwake, asikuazime.

Kiti nakiacha mikononi mwa Mungu mpaka mwakani.

Dada yako


2 Agosti

Dada, shikamoo. Daftari limefika, safi sana. Barakoa kaipenda. Anasoma haraka, Kompyuta huyu, na haongei ovyo. Ahsante kwa yote. Kazi nyingi, nitaandika vizuri nikipata nafasi.

K.


9 Septemba

Ofisi ya Mashindano

Kwa Mama,

Nimepokea barua yako ya tarehe 25 Agosti, ambamo unaomba kibali maalumu cha kusimama hata kando ya barabara siku ya mbio, kwa kuwa sheria ya umri imekuzuia kuingia garini. Nimeisoma mara mbili kwa sababu sikuielewa mara ya kwanza.

Mama, hatuna sheria ya umri. Washiriki wanapimwa afya, basi. Msomaji wa gari namba saba ana miaka sitini na mmoja, na ameshapita vipimo.

Nimefungua jalada la timu yenu. Jina lako liliondolewa tarehe 11 Mei kwa ombi la dereva. Sababu aliyoandika ni hii: "Umri, na hali ya akili kutotulia tangu kufiwa." Sahihi ni yake.

Samahani kama nimekuwa wa kwanza kukueleza. Nilikuwa mtu wa kupeperusha bendera ya mwisho siku mliposhinda mara ya kwanza. Karibu kusimama kando ya barabara. Kwa hilo huhitaji kibali.

Karani wa Mashindano


22 Septemba

Mdogo wangu,

Karani ameniandikia. Nadhani amekosea jalada. Anasema hakuna sheria ya umri, na kwamba uliniondoa wewe, mwezi wa tano. Mwezi wa sita mimi nilikuwa nimekaa jikoni na kofia kichwani.

Niambie amekosea, nitakuamini wewe kabla yake. Nakusubiri.

Dada yako


29 Septemba

Dada,

Hajakosea.

Ulitaka barua, basi soma mpaka mwisho kama unavyopenda wengine wasome. Tajiri alitaka mpwa wake, ndiyo, lakini ningeweza kukataa. Sikukataa. Nimechoka. Miaka kumi na moja nikiwasha injini nasikia sala pembeni, na kila sala naisikia ikisema "wewe ndiye uliyemuua." Hukuja kwenye kiti kile kunilinda. Ulikuja kunilinda nisisahau. Mjane wa mtu niliyempindua amekaa alipofia, kila mbio, na watu wanapiga makofi wanasema ni familia nzuri.

Na unanichelewesha. Nahisi gari lina mwendo zaidi ya ule ninaoutoa, na sijui unapotelea wapi. Binti huyu sijui kama anasali, na sitaki kujua. Natulia.

Hilo la akili niliandika kwa sababu fomu ilidai sababu. Sikupata nyingine.

Ukitaka kunilaani, nilaani baada ya tarehe 17.

Kishada


13 Oktoba

Mdogo wangu,

Silaani mtu. Nina kitu kimoja tu kifuani, na sala inanikataa nikiwa nacho, kwa hiyo nakitoa.

Umesema gari lina mwendo ambao hujui unapotelea wapi. Unapotelea kwenye daftari langu. Kila tulipokagua njia, ulipotamka tano niliandika nne. Ulipotamka nne niliandika tatu. Siku ya mbio nilikusomea nilichoandika mimi, si ulichosema wewe, na wewe ulitii. Miaka kumi na moja wanakusifu kwamba Kishada amekua, ametulia, hapinduki tena. Hukutulia. Hujawahi kuendesha kwa mwendo wako hata siku moja tangu nimeingia. Umeendesha kwa mwendo wa mshona nguo.

Daftari uliloliomba, nikalinakili siku tisa, lina namba zangu. Nilikuandikia kwamba ni zako. Nilikudanganya, naomba unisamehe kama mimi ninavyokusamehe. Ukitaka zako, kazi ni ndogo: ongeza moja. Wewe ni mtu mzima, amua mwenyewe utaendesha kwa namba za nani.

Shemeji yako alikuwa anaandika namba zako vilevile ulivyozitamka. Alikuwa mtu mnyoofu.

Nitakuombea Jumamosi nzima.

Dada yako


4 Novemba

Mama, shikamoo.

Hatujawahi kuonana. Mimi ndiye waliyekuwa wakiniita Kompyuta. Anayeandika ni muuguzi, mimi nasema tu, kwa sababu bado sijaruhusiwa kuinuliwa kitanda.

Asubuhi ya mbio kaka alinipa kalamu nyekundu, akaniambia ongeza moja kila kona. Nikamuuliza, "Kaka, zote mia nne na kumi na mbili?" Akasema, "Zote. Leo nataka kukutana na mwenyewe." Nikamwambia tuipite walau sehemu moja polepole tujaribu. Akacheka, akasema, "Sikuja kwenye harusi, nimekuja kwenye mbio."

Sehemu ya kwanza na ya pili tulipata muda ambao watu wa saa walidhani saa zao zimeharibika. Alikuwa anacheka ndani ya kofia kama mtu aliyefunguliwa pingu. Sehemu ya tatu kuna kona ya kushoto, mara tu baada ya daraja la zege. Wewe uliandika tatu. Mimi nilikuwa nimefuta, nikaandika nne. Nikasoma nne.

Yeye alivunjika kidole. Kwangu daktari anasema miguu haitarudi. Mjomba hajaja, anasema ni kwa ajili ya ugonjwa, wageni hawaruhusiwi wodini. Muuguzi anasema wanaruhusiwa, mmoja mmoja. Ile barakoa yako ya maua ninayo, wananifulia.

Sikulaumu, Mama. Usiku na mchana najiuliza jambo moja tu, na wa kuniambia ni wewe. Nilisoma vizuri?

Aliyekaa kwenye kiti chako


20 Novemba

Dada, shikamoo.

Sijui nianzie wapi. Kidole kimepona. Tajiri hataki kuniona, lakini mwenye kampuni ya matairi yuko tayari kulibeba gari mwakani, kwa sharti moja tu, Mama Daftari awe ndani. Anasema watu wanapenda kuiona ile familia.

Na mimi mwenyewe siwezi bila wewe. Juzi nimejaribu gari uwanjani, peke yangu. Naiona kona, natamka namba, siiamini. Natamka nyingine, nayo siiamini. Nimesimama katikati ya uwanja mtupu, injini inawaka, sijui ninaweza kwenda kwa mwendo gani. Miaka kumi na moja, dada. Umeniachia nini changu?

Nitakuuliza jambo, kisha sitauliza tena. Kona ile ya daraja naikumbuka tulipoikagua. Niliitamka tatu, maana niliiogopa. Kama ulikuwa unapunguza zote, ingekuwa mbili daftarini. Imeandikwa tatu. Kwa hiyo ile hukuipunguza, na mimi nikaiongeza juu ya ukweli. Barua yako inasema ongeza moja, haisemi isipokuwa.

Ulisahau, au uliacha?

Mdogo wako


1 Desemba

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Nimefurahi kuhusu kidole.

Barua ya binti niliipata, nimeshamjibu. Nimemwambia, "Ulisoma vizuri, mwanangu, kosa si lako." Ndiyo kweli, na kweli haimwumizi zaidi ya alivyoumia. Nimemtumia barakoa nyingine mbili. Kumtembelea sijaweza, nguo za watu zimenisonga.

Swali lako nalijibu mara moja. Kona za namna ile zilikuwa tisa. Nakujua tangu nikikubeba mgongoni: ukijisikia shujaa unaongopa, ukiogopa unasema kweli. Zile tisa ulizisema kweli, hazikuhitaji mkono wangu. Siku ile ya tarehe 13 nilikuwa nimeshamaliza barua, bahasha nimeiweka dirishani, gundi bado mbichi, ndipo nikazikumbuka. Zote tisa, kwa mpangilio wake. Lori lilikuwa halijafika. Nikasema ngoja kwanza nisali, niombe hekima. Nilisali muda mrefu kuliko kawaida yangu. Dereva alipiga honi, mimi nimepiga magoti. Nilipoinuka dirisha lilikuwa tupu.

Kabla ya hapo nilikuwa nimekaa wiki mbili na barua yako ile ya Septemba. Kumbuka na hilo.

Kiti nakubali. Mungu hamtupi mja wake. Mwambie mtu wa matairi nitakuja mwanzoni mwa Januari, vipimo vya afya nitavipita, na jina langu mlirudishe kwa sahihi yako, na sababu uiandike kwa mkono wako mwenyewe.

Mambo yatakuwa hivi. Kabla ya injini kuwaka nitasali kwa sauti, na wewe utaitikia. Tukikagua njia, wewe utatamka namba unayotaka, mimi nitaandika ninayoiona, na daftari hutalishika. Siku ya mbio utaifuata sauti yangu. Ukihisi nimepunguza, nyamaza. Ukihisi nimeongeza, nyamaza vilevile.

Dada yako